Vyumba vya Wageni Katika Ua wa Mama



Dada mmoja wa Tabora ametuletea swali. Mumewe amestaafu, watoto bado wanasoma, na uani kwao kuna vyumba vinne ambavyo wanafikiri kuvigeuza kuwa gesti. Wenzake wa kanisani wanamwambia kwamba gesti si kazi ya mama aliyefunga ndoa. Anauliza sisi tunasemaje.

Tunasema anaweza. Lakini ajue mapema kwamba atadaiwa zaidi ya mashuka na sabuni.

Kwanza tumkumbushe kwamba mji wake umekuzwa na wageni. Kabla ya reli, misafara iliyotoka Bagamoyo ilitembea kwa miezi kadhaa hadi kufika Unyanyembe. Hapo njia ziliachana, moja ikaenda Ujiji na nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Burton na Speke walipofika Kaze mwezi Novemba 1857, alikuwepo Mwomani mmoja, Snay bin Amir, aliyewapokea na kuwahudumia kama wageni wake. Livingstone naye alikaa katika tembe la Kwihara, kilomita chache nje ya mji, tangu Februari hadi Agosti 1872, akingojea watu ambao Stanley aliahidi kumpelekea kutoka pwani. Vitabu huwataja sana mabwana hao. Havisemi mengi juu ya wanawake wa Kinyamwezi waliolima, wakatwanga na kuuza chakula kilicholisha misafara, wala juu ya wale waliofuatana na waume zao njiani wakiwa na vyungu kichwani na watoto mgongoni. Tena tusijidanganye: si kila aliyelala Tabora alikuwa mgeni, kwani wengine walipitishwa hapo wakiwa watumwa.

Reli ilifika mwaka 1912, na siku hizi mabasi nayo ni mengi. Lakini watu bado hulala Tabora. Kuna anayengoja treni ya Mwanza au ya Kigoma, kuna mama aliyekuja kumwuguza ndugu katika hospitali ya Kitete, na kuna mzazi aliyemleta mtoto shule akiwa na sanduku la bati na godoro. Hawa hawatafuti hoteli kubwa. Wanataka mahali safi ambapo mwanamke anaweza kufunga mlango na kulala usingizi.

Sisi tuliwahi kulala katika nyumba ya namna hiyo, si mbali na stesheni. Mwenye nyumba alitupokea mwenyewe, khanga kiunoni, akatuandikisha katika daftari: jina, tutokako, tuendako. Mlangoni mwa chumba palikuwa na kandambili za raba. Ndani mlikuwa na kitanda, stuli, kibatari kwa ajili ya umeme ukikatika, na chandarua ambacho tundu zake zilikuwa zimeshonwa kwa mkono. Choo kilikuwa cha pamoja, lakini kimesuguliwa. Alfajiri aligonga, “Mwangaluka,” na ndoo ya maji ya moto ilikuwa imekwisha kutangulia bafuni. Chai tuliinywa pamoja na familia, kwa matobolwa, karanga, na asali ya huko huko ambayo hatujapata kuonja nyingine iliyoishinda. Baba mwenye nyumba aliomba baraka, huku mtoto wa darasa la tano akimalizia hesabu zake pembeni mwa sahani zetu.

Tumesoma kwamba hata Japani, katika mji wa kale wa Kyoto, zipo nyumba ndogo za wageni zinazoendeshwa na familia. Mgeni huvua viatu mlangoni, hulala juu ya godoro lililotandikwa kwenye mikeka, na nyingi zina saa yake ya kufunga mlango. Ukikaa katika nyumba ya mtu unafuata taratibu za nyumba hiyo, hata kama umelipa.

Na hapo kwenye mlango ndipo penye shida yenyewe. Tuseme wazi, maana akina mama twajua: gesti zimepata jina baya kwa sababu ya vyumba vya saa. Watu wawili wanafika saa nane mchana bila hata kikapu, wanataka chumba kwa muda mfupi, na wako tayari kulipa bei ya usiku mzima. Chumba kimoja kinaweza kulipwa mara tatu kwa siku. Yule mama alikuwa akiwarudisha. Alituambia kwamba uko mwezi aliowarudisha wengi kuliko aliowalaza, na mwezi huo ada ya shule ilikuwa inadaiwa. Mumewe, ambaye ni mtu wa kanisa kama yeye, alimwambia afumbe macho angalau mpaka ada ipatikane. Hakupigana naye. Alimwuliza tu ni nani atakayefua mashuka hayo. Mfuaji wa nyumba ile alikuwa binti yao wa miaka kumi na minne. Mzee hakulitaja tena jambo lile, na ada wakailipa kwa kuuza cherehani.

Tangu siku hiyo, alisema, waliwekeana masharti. Mlango hufungwa saa nne usiku. Pombe haiingii. Na wasichana, awe mtoto wa kuzaa au msaidizi wa kazi, hawapeleki maji, chai wala ufunguo katika chumba cha mgeni mwanamume. Kazi hiyo ni ya mama au baba. Hili la mwisho tunamsihi dada yetu alishike hata akiambiwa anawadhania watu vibaya. Wageni wengi ni watu wema kabisa, lakini mama hawezi kuijua mioyo ya watu kwa kusoma daftari.

Wale wanaosema kazi hii haimfai mama Mkristo tunawaelekeza kwa yule mwanamke wa Shunemu, katika 2 Wafalme sura ya 4. Alizungumza kwanza na mumewe, kisha wakamjengea Elisha chumba darini na kukiwekea kitanda, meza, kiti na taa. Ni kweli yeye hakutoza fedha. Lakini hakuwa akitegemea chumba kile kulipia ada.

Sasa, dada, juu ya vile vyumba vyako vinne. Shughulikia leseni mapema, na mwalike bwana afya akague choo na maji kabla hujanunua vitanda. Kila kitanda kiwe na mashuka jozi mbili, moja ikiwa kambani nyingine iwe kitandani. Na usitumie vyote vinne. Tumeona nyumba ambamo watoto walihamishiwa jikoni ili wageni wapate nafasi, na wakubwa wakaanza kulala kwa majirani. Anza na viwili, mkae mwaka mmoja, halafu utuandikie jinsi mlivyoendelea.