Chupa ya Mitishamba Kutoka Hotelini



Swali la juma hili limetoka kwa mama mmoja wa Msambweni. Mumewe ni mhudumu katika hoteli mojawapo ya Diani. Mgeni wa Kijerumani, alipokuwa akirejea kwao, alimwachia chupa ya Jägermeister na kumwambia kuwa ni dawa ya tumbo, hunywewa baada ya chakula. Mavyaa wa mama huyu husumbuliwa na tumbo kujaa gesi, na tangu hapo hunywa kijiko kila usiku na kusema anapata nafuu. Muulizaji ana hofu mbili: hofu ya Mola wake, na hofu ya kumvunjia mavyaa heshima. Je, afanyeje?

JAWABU: Kwanza tukijue kitu chenyewe. Kinywaji hiki kilianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1935. Kina mitishamba na viungo 56, lakini asilimia 35 yake ni alkoholi, ilhali bia ya kawaida huwa na asilimia 5 hivi. Wazungu wana vingi vya namna hii, na ni ada yao kunywa kidogo baada ya kula. Mgeni hakukusudia ubaya, alitoa alichokithamini.

Hata hivyo, jina la dawa halibadili hukumu ya kileo. Swahaba Tariq bin Suwayd (r.a.) alimwuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu kutengeneza pombe kwa ajili ya dawa, naye akamjulisha kwamba hiyo si dawa bali ni maradhi. Hadithi hii ameipokea Imam Muslim. Aidha, tumefundishwa kwamba kinacholevya kikiwa kingi, hata kichache chake ni haramu. Basi udogo wa kijiko si hoja.

Atasema msemaji: lakini imechanganywa na mitishamba. Ni kweli kwamba wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wameruhusu dawa ambayo kileo kimepotea ndani yake, kwa sharti kwamba hapana badali ya halali na kwamba tabibu mwaminifu ndiye aliyeielekeza. Hapa hakuna sharti hata moja lililotimia. Kileo hakikupotea, bali ndicho kinywaji chenyewe. Mgeni si tabibu. Na badali zimejaa jikoni.

Hata ile nafuu ina shaka. Mwaka 2010 madaktari wa Zurich, Uswisi, walichapisha utafiti juu ya watu 20 waliolishwa jibini ya kuyeyushwa, mlo mzito sana. Walipokunywa pombe, chakula kilichelewa zaidi kutoka tumboni kuliko walipokunywa chai ya rangi na maji.

La ajabu ni kwamba watengenezaji wenyewe hutaja tangawizi, iliki na mdalasini miongoni mwa viungo vyao. Ni nani wa pwani yetu asiyekuwa navyo? Mchemshieni mama tangawizi na iliki, ale mapema, apunguze mafuta, na akumbuke mafunzo ya Mtume (s.a.w.): theluthi ya tumbo kwa chakula, theluthi kwa kinywaji, na theluthi kwa pumzi. Tumbo likizidi kuuma, akikonda au akipata choo cheusi, apelekwe hospitali ya Msambweni bila kuchelewa.

Ama kuhusu heshima, mwenye kuzungumza na mama awe mwanawe, kwa kuwa ndiye aliyeileta chupa. Amweleze faraghani, kwa upole, si mbele ya wajukuu. Alichokunywa bila kujua hana dhambi nacho. Tangu ajue, aache. Chupa imwagwe. Isiuzwe wala asipewe jirani, hata asiye Mwislamu. Na wewe mama, siku hiyo hiyo mpelekee mavyaa wako kikombe cha tangawizi kwa mkono wako, ajue kwamba hukumnyang'anya dawa, bali umempa iliyo njema zaidi.

Wallahu a'lam.