MCHEZA KWAO HUTUNZWA: NA WALE WA COLORADO JE?

Sisi watu wa pwani tukisikia neno chuo, fikira hutangulia kwenye chuo cha Korani: mkeka, ubao na mwalimu. Nami nilisoma huko. Siku moja tuliletewa mwalimu mpya. Alitukuta wengine tumekwisha pita juzuu kadhaa, wengine alifu bado yawatatiza. Hakumfukuza mtu. Wale wazito aliwaketisha mbele yake, akaanza nao upya.

Nimemkumbuka mwalimu yule kwa habari za chuo kingine, Chuo Kikuu cha Colorado huko Marekani, na timu yake ya mpira. Mpira wenyewe si huu wetu. Wao huubeba na kuurusha kwa mikono, watu 11 kila upande. Mwaka 2022 timu hiyo ilicheza mechi 12 ikashinda moja tu. Desemba akaajiriwa kocha mpya, Deion Sanders, aliyekuwa mchezaji mashuhuri. Katika mkutano wa kwanza aliwaambia vijana waziwazi kuwa yeye aja na watu wake, na wao wajitafutie vyuo vingine.

Zaidi ya 50 wakaondoka. Wakaja wageni, miongoni mwao mwanawe Shedeur na hodari Travis Hunter, waliokuwa naye Jackson State.

Septemba 2023 wakaifunga TCU 45 kwa 42, timu iliyokuwa imefika fainali ya taifa Januari ya mwaka huo huo. Wakashinda tatu mfululizo. Sifa zikamiminika kama mvua ya masika! Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Oregon wakawapiga 42 kwa 6. Oktoba, wakicheza na Stanford, walikwenda mapumziko wakiongoza 29 kwa bila, nao wakashindwa 46 kwa 43 katika muda wa nyongeza. Mechi sita za mwisho walipoteza zote. Hesabu ya msimu: ushindi 4, kushindwa 8.

Najua wapo watakaoniambia: "Bwana, nne si bora kuliko moja? Na mwaka 2024 hawakushinda 9, Hunter akapata tuzo ya Heisman?" Kweli, na haki yake kocha tumpe. Viwanja vilijaa, na mji uliokwisha kata tamaa ukachangamka. Lakini mwaka 2025 Shedeur na Hunter walikwisha kwenda kucheza mpira wa kulipwa, na timu ikashinda 3, ikashindwa 9. Nguo ya kuazima haisitiri matako.

Lililo zito kwangu si hesabu hiyo. Ni wale vijana waliovumilia mwaka wa aibu, wakapigwa wiki baada ya wiki mbele ya watu wao. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hao walitunzwa nini? Wengine yamkini hawakuufaa mchezo. Lakini kabla ya kuwa wachezaji walikuwa wanafunzi, na mwanafunzi hapimwi kwa siku moja.

Kununua mbivu sokoni kila mtu aweza, akiwa na fedha. Mwalimu hujulikana kwa mche alioukuta umenyauka, akaumwagilia maji hata ukazaa. Nasi wenye vilabu na madrasa tulifikiri hilo kila tumwajiripo mpya.