Masomo ya chuo kikuu wakati wa corona: Nani aliyelipa?

Serikali ya Uganda ilipofunga shule na vyuo vyote tarehe 20 Machi 2020, wanafunzi wa vyuo vikuu walifungasha virago wakidhani wanakwenda nyumbani kwa mwezi mmoja tu. Waliokuwa mwaka wa mwisho walirejea tarehe 15 Oktoba mwaka huo, na wenzao wakasubiri zaidi. Juni 2021 vyuo vikafungwa mara ya pili na havikufunguliwa hadi Novemba.

Muda wote huo jibu la wakubwa wa elimu lilikuwa moja: masomo yahamie kwenye intaneti. Hatusemi kwamba jibu hilo lilikuwa baya. Ugonjwa ulikuwa ukiua, na kuwajaza vijana mia tatu katika ukumbi mmoja kungekuwa ni kuwapeleka wazee wao makaburini. Tunachohoji sisi ni hesabu yake. Nani aliyelipa gharama ya uhamisho huo?

Aprili 2020 shirika la UNESCO lilieleza kwamba katika Afrika kusini mwa Sahara, asilimia 89 ya wanafunzi hawakuwa na kompyuta nyumbani na asilimia 82 hawakuwa na intaneti. Uchunguzi wa Jumuiya ya Kimataifa ya Vyuo Vikuu mwaka huo huo ulionyesha kuwa Ulaya vyuo 85 katika kila 100 viliweza kuhamishia ufundishaji mtandaoni. Barani Afrika vilikuwa 29.

Takwimu hizo watu walizisoma kama habari ya uhaba wa vifaa. Sisi tunaziona pia kuwa habari ya mzigo kuhamishwa kutoka bega moja kwenda jingine. Mwanafunzi anapolipa ada hanunui mhadhara peke yake. Hununua pia umeme wa maktaba, kompyuta za chumba cha pamoja, meza, taa, na utulivu wa kusoma. Siku lango la chuo lilipofungwa, vitu vyote hivyo viligeuka kuwa deni la nyumbani. Baba mwenye shamba la migomba huko Kabale, au mama muuza samaki wa Busia, ndiye aliyetakiwa kuwa maktaba, kuwa umeme na kuwa kampuni ya simu.

Saa moja ya mhadhara wa video hula mamia ya megabaiti. Kwa kijana anayenunua kifurushi cha siku kwa siku, huo si mhadhara, ni mlo wa jioni. Ndiyo maana wahadhiri wengi waliacha mitambo rasmi ya vyuo wakakimbilia WhatsApp: wakatuma sauti, wakapiga picha kurasa za daftari, wakajibu maswali usiku kwa simu zao wenyewe na kwa fedha zao wenyewe.

Na hapa ndipo penye kichekesho kichungu. Tangu Julai 2018 Uganda ilikuwa ikitoza shilingi 200 kwa siku kwa yeyote anayetumia WhatsApp, Facebook na mitandao mingine kama hiyo. Kodi hiyo ilielezwa kuwa ni dawa ya umbeya na njia ya kuongeza mapato. Ilipofika 2020, umbeya huo ndio uliokuwa darasa. Serikali iliyofunga mlango wa chuo ilikuwa imeketi kwenye dirisha, ikidai kiingilio. Kodi hiyo iliondolewa Julai 2021, ikaja nyingine ya asilimia 12 juu ya data, wakati vyuo vimefungwa kwa mara ya pili. Sheria ilisamehe data ya huduma za afya na elimu. Lakini kifurushi cha kawaida kinachonunuliwa kwa simu hakiandikwi jina la somo.

Sisi tulio ughaibuni tunaijua hesabu hii kwa sababu wengi wetu tuliilipa. Fedha za kutuma nyumbani, ambazo zamani zilikuwa za dawa na mabati, zikaongezewa fungu jipya: "Shangazi, bando la mtihani." Mwenye shangazi London au Muscat alifanya mtihani wake. Asiye na shangazi alihesabiwa kuwa mzembe. Wahenga walisema dau la mnyonge haliendi joshi.

Kulikuwa na njia nyingine? Afrika Kusini ilijaribu. Kampuni za simu ziliruhusu tovuti za vyuo kufunguliwa bila malipo, na vyuo kadhaa, kikiwemo cha Witwatersrand, viliwapa wanafunzi gigabaiti 30 kwa mwezi: 10 za wakati wowote na 20 za usiku wa manane. Haikuwa pepo. Kijana anayesoma saa nane za usiku katika chumba cha watu sita hasomi vizuri, na kompyuta zilizoahidiwa na mfuko wa mikopo wa taifa zilichelewa hadi 2021. Hata hivyo, kanuni ilikubaliwa: data ni sehemu ya chuo, kama kiti na ubao.

Tanzania ilikwenda njia yake. Vyuo vilifungwa Machi 2020 na kufunguliwa tarehe 1 Juni kwa amri ya Rais Magufuli. Hapo mzigo wa data haukuwa mkubwa, lakini ulikuja mwingine. Takwimu za ugonjwa zilikuwa zimekoma kutangazwa mapema Mei, na hazikurudi hadi 2021 chini ya Rais Samia Suluhu Hassan. Mwanafunzi na mhadhiri wake waliingia ukumbini bila kujua ukubwa wa hatari. Uganda mwanafunzi alilipa kwa mfuko. Tanzania alilipa kwa kutojua.

Cha kusikitisha ni kwamba dawa ilikuwa jirani. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya wanaosoma wakiwa mbali, kikawa na vituo mikoani na vitabu vya kusomea vilivyochapishwa. Elimu ya masafa ni kazi yenye kanuni zake. Haifanywi kwa kuusoma mhadhara uleule mbele ya simu.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mei 2023 kwamba dharura ya corona imekwisha. Maradhi mengine yatakuja, nayo mitandao hukatwa hata pasipo maradhi. Januari 2021, siku ya kuamkia uchaguzi, Uganda ilizima intaneti nchi nzima kwa siku kadhaa. Serikali ileile iliyowaambia vijana wasome mtandaoni ndiyo iliyouzima.

Kwa hiyo wazazi na wanafunzi waulize sasa, kabla ya lango kufungwa tena. Data ya masomo italipwa na nani? Maandishi yatamfikiaje aliye mbali na mnara wa simu? Na nani atakayeahidi, kwa sheria na si kwa hotuba, kwamba darasa halitazimwa usiku wa kuamkia uchaguzi?