Umio Mmoja, Maradhi Mawili

Wako wagonjwa wanaokutwa na maradhi mawili katika umio mmoja. Ya kwanza ni saratani. Ya pili ni mishipa ya damu iliyovimba, kwa sababu njia ya damu ndani ya ini imeziba. Daktari akitaka kuiondoa saratani huhofia kuijeruhi mishipa hiyo. Akifikiria upasuaji mkubwa, huhofia ini lisistahimili. Ndipo neno "haiwezekani" linapotamkwa upesi mno.

Jambo hili latuhusu. Ukanda wa mashariki ya Afrika, kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, una saratani nyingi ya umio. Na kandokando ya Ziwa Victoria kichocho cha tumbo huziba ini na kuvimbisha mishipa.

Je, haiwezekani kweli? Saratani ikiwa ingali katika utando wa juu tu, huweza kuondolewa kwa endoskopi, yaani mpira mwembamba wenye kamera upitishwao mdomoni, bila kupasua kifua. Penye mishipa iliyovimba, madaktari huweza kuifunga kwanza kwa pete ndogo za mpira, kisha wakaiondoa saratani. Japani wapo waliotibiwa hivyo wakapona. Hatari ya kutokwa damu ipo, na makovu ya kufungwa hufanya kazi kuwa ngumu. Kwa hiyo hutakiwa mikono iliyozoea, na damu ya akiba.

Lakini saratani changa haiumi. Maskini wetu huja hospitali chakula kimekwisha kukataa kushuka, na hapo tiba hii imempita. Huo ndio udhalimu tunaoulalamikia.

Twaomba jambo moja lililo karibu. Mgonjwa aliyetapika damu anapopitishiwa kamera ili mishipa ifungwe, umio wake wote na uchunguzwe, siku hiyo au akirudi baada ya kupata nafuu. Pakinyunyizwa iodini, utando wenye afya hugeuka kahawia, na penye shaka hubaki peupe. Kamera imekwisha kuingia. Kwa nini itazame nusu?

Nasi viongozi wa jumuiya tusikae kimya. Tuwahimize watu wameze dawa ya kichocho inapogawiwa, tumchangie nauli anayetapika damu, na tuwaulize wakuu wa hospitali zetu: mashine ya endoskopi ipo, na maskini huifikia? Uhai wa maskini hauna bei ya chini.