Viko Wapi Vitu vya Beit al-Ajaib?

Ndugu wanachama, mbali na Mkwajuni yetu ya Unguja, iko Mkwajuni nyingine bara, mkoani Songwe. Mkoa ule una Kimondo cha Mbozi, pande la chuma la mita 3 hivi, nalo lingali palepale lilipoanguka, likitunzwa na kuonyeshwa wageni.

Sisi je? Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883, ndiyo iliyokuwa makumbusho yetu. Uani mliwekwa mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba pasi na msumari. Tarehe 25 Disemba 2020, matengenezo yakiendelea, upande mmoja uliporomoka, watu wawili wakafariki. Ukuta hujengwa upya. Mtepe je? Twaitaka Serikali itangaze orodha ya vitu vyote, kimoja kimoja, na mahali kilipo.