Fedha ya Michango Isinunue Pingu

Ndugu wafanyakazi,

Matawi yetu kadhaa yana kwaya au bendi, na sasa yanataka kurekodi nyimbo zao yenyewe. Hilo si anasa. Huko Tanzania chama cha wafanyakazi cha NUTA kilianzisha bendi yake, NUTA Jazz, mwaka 1964. Leo inaitwa Msondo Ngoma. Wimbo wa mfanyakazi ni silaha. Lakini asiye na chombo cha kuurekodi hupiga magoti kwa mwenye studio.

Kompyuta ya mkononi yenye mfumo huria wa Linux haidai leseni, na programu huria ya Ardour hurekodi sauti nyingi kwa pamoja. Kinachobaki kununuliwa ni kisanduku cha sauti, yaani kile kinachopokea nyaya za maikrofoni na kuipelekea kompyuta kila sauti katika njia yake. Hapo ndipo fedha ya wanachama hupotea.

Kwanza, tusihesabu matundu, tuhesabu njia. Mikisa mingi ina matundu manane ya maikrofoni na waya wa USB, lakini huchanganya sauti zote na kupeleka njia mbili tu. Mpiga gitaa akikosea, huwezi kumsahihisha peke yake.

Pili, tuulize kama kisanduku kinafuata kanuni ya wazi ya sauti za USB. Kikiifuata, Linux hukitambua bila programu ya kiwanda. Kisipoifuata, kinangoja programu ambayo kiwanda huitengenezea Windows na Mac tu. Siku kiwanda kikichoka kuitengeneza, chombo kizima hugeuka jiwe. Behringer UMC1820, kwa mfano, huifuata kanuni hiyo na ina njia nane za maikrofoni.

Tatu, tusidanganywe na bei ya vyombo vikuukuu vya FireWire. Kompyuta za siku hizi hazina tundu lake.

Wako watakaosema: nunueni Windows, yaishe. Sisi tunasema hapana. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Chombo cha wanachama kisiwe na bwana mwingine ng'ambo anayeamua lini kife.

Kwa hiyo, kabla fedha haijatoka, katibu na mtunza hazina waende dukani na kompyuta ya tawi. Wachomeke kisanduku, waandike amri arecord -l, waone kama jina lake limetokea. Kisha warekodi njia zote nane kwa pamoja, wasikilize kila moja. Wasisahau nafasi: njia nane kwa ubora wa kawaida wa studio hujaza gigabaiti nne hivi kwa saa moja. Mwenye duka akikataa jaribio, waondoke.

Shilingi ya michango imetoka jashoni. Inunue chombo kitakachotutii sisi.

Umoja ni nguvu!