Mheshimiwa Guterres, waambie Wakupro kilichosemwa Crans-Montana

Kwa Mheshimiwa António Guterres,
Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa,
New York.

YAH: USIKU WA KUAMKIA TAREHE 7 JULAI 2017

Mheshimiwa Katibu Mkuu,

Muhula wako unamalizika tarehe 31 Desemba 2026, na najua mezani kwako yapo mafaili ya vita vinavyoua watu leo hii. Faili la Kupro halina haraka hiyo, na nadhani utulivu wake ndio uliolizeesha. Walinda amani wenu walipelekwa huko kwa azimio namba 186 la Machi 1964, wakapewa muda wa miezi 3. Wapo mpaka leo. Sikuandikii kuomba mkutano mwingine. Naomba kitu kisichohitaji hoteli wala tiketi ya ndege: kabla hujaondoka, waandikie Wakupro kilichosemwa mezani usiku ule kule Crans-Montana, Uswisi.

Ulikuwepo. Ulikuwa na miezi 6 tu kazini. Walikuwapo Nicos Anastasiades, kiongozi wa Wakupro Wagiriki, na Mustafa Akıncı, kiongozi wa Wakupro Waturuki, pamoja na wawakilishi wa nchi 3 wadhamini: Ugiriki, Uturuki na Uingereza. Tarehe 30 Juni ulikuwa umewawekea mezani hoja 6, zikiwamo za ardhi, mali za waliohama, kugawana madaraka, majeshi na udhamini. Chakula cha jioni kikavuka saa sita za usiku, kisha ukatoka ukawaambia waandishi wa habari kwamba mkutano umefungwa bila mapatano.

Tangu hapo kisiwa kina simulizi mbili. Pale Mtaa wa Ledra, katikati ya Nicosia, mtu huonyesha kitambulisho kwenye kibanda kimoja, akatembea hatua chache, akakionyesha tena kwenye kibanda cha pili. Na hapo katikati simulizi inageuka. Kusini utaambiwa Uturuki iligoma kuondoa askari wake na kuachia haki ya kuingilia kati iliyopewa na mkataba wa 1960. Kaskazini utaambiwa Uturuki ilikuwa tayari kulegeza, ila Anastasiades aliogopa kugawana madaraka, akatafuta mlango wa kutokea. Kila upande una mashahidi, na mashahidi wote walikuwa chumba kimoja na wewe. Hata hoja zako 6 hazikusalimika: baadaye viongozi walibishana kama hoja halisi ni zile za tarehe 30 Juni au ni za karatasi ya tarehe 4 Julai. Waraka ni wako, Mheshimiwa. Ungeweza kuumaliza ubishi huo kwa barua ya ukurasa mmoja.

Ripoti yako kwa Baraza la Usalama ya Septemba 2017 nimeisoma kwa makini. Inasema pande zilikaribiana sana na kwamba nafasi ya kihistoria ilipotea. Nani aliipoteza, kwa kukataa nini, haisemi. Kwetu tunaita funika kombe mwanaharamu apite. Ila huyu mwanaharamu hajapita. Ameketi miaka yote hii kati ya jamii mbili.

Jambo hili limekuwa la dharura kwa sababu meza inatandikwa upya. Oktoba 2025 Wakupro Waturuki walimwangusha Ersin Tatar, aliyekuwa akidai nchi mbili, wakamchagua Tufan Erhürman kwa zaidi ya asilimia 60 ya kura. Erhürman hataki kuanza upya: yaliyokwisha kukubaliwa yabaki yamekubaliwa, muda uwekewe kikomo, na safari hii Wagiriki wakiondoka mezani, watu wake wasirudishwe kwenye hali ya zamani. Rais Nikos Christodoulides wa Kupro naye husema mazungumzo yaendelee pale yalipoishia Crans-Montana. Naye alikuwa huko, akiwa msemaji wa serikali ya Anastasiades. Basi wote wawili wanataka kuanzia palepale, na hakuna wanachokubaliana kuhusu palepale ni wapi. Mjumbe wako María Ángela Holguín anaweza kusafiri kati ya Nicosia, Athens na Ankara mpaka achoke. Bila kuwekewa kigingi cha pale mazungumzo yalipoishia atakuwa anapima shamba lisilo na mpaka.

Najua jibu la wanadiplomasia: msuluhishi hataji aliyekosea, akitaja hapokelewi tena. Na Kupro yenyewe ina ushahidi wa kuwaunga mkono. Mwaka 1981 iliundwa Kamati ya Watu Waliopotea, kwa ajili ya watu 2,002 waliotoweka katika machafuko ya 1963 na 1964 na katika vita vya 1974: Wakupro Wagiriki 1,510 na Wakupro Waturuki 492. Katika maabara yake wanasayansi wa jamii zote mbili hupanga mifupa juu ya meza ndefu, fuvu upande mmoja, vidole vya miguu upande wa pili, kisha huita familia. Zaidi ya watu 1,000 wametambuliwa na kuzikwa na ndugu zao. Kazi hiyo imewezekana kwa sharti moja: kamati haisemi nani aliua wala marehemu alikufaje. Sharti chungu, lakini limewarudishia wajane waume zao, na siwezi kulibeza.

Ila mfiwa haombwi kupiga kura. Mapatano ya Kupro, yakipatikana, yatapelekwa kwenye kura ya maoni katika pande zote mbili, na mpiga kura hawezi kuamua juu ya dhamana ambazo hajui ziliwahi kuahidiwa au hapana. Tumeona ilivyokuwa 2004. Mpango wa mapatano wa Kofi Annan, Katibu Mkuu wa wakati huo, wenye maelfu ya kurasa za viambatisho, ulikamilishwa Machi 31, na watu wakapiga kura Aprili 24. Wiki tatu na ushei! Rais Tassos Papadopoulos wa Kupro alitoka kwenye televisheni akawataka Wagiriki waukatae, na asilimia 76 hivi wakaukataa; Waturuki kama asilimia 65 wakaukubali. Wiki moja baadaye Kupro iliingia Umoja wa Ulaya, waliokataa wakiwa ndani na waliokubali wakibaki nje kwa vitendo. Kinyongo cha siku ile bado kinasikika kwenye masharti ya Erhürman.

Na mtangulizi wako huyo hakunyamaza. Mwezi uliofuata Annan aliliandikia Baraza la Usalama ripoti ndefu inayoeleza hatua kwa hatua nani alitaka nini na nani aliondoka na nini, bila kumficha Papadopoulos. Baraza halikuipitisha. Lakini ipo, na mwanafunzi yeyote wa Limassol au Famagusta anaweza kuifungua akabishana nayo. Ya Crans-Montana ataifungua wapi?

Wakupro si watu wa kushindwa kupokea ukweli mkavu. Mwaka 1978, miaka 4 tu baada ya mapinduzi yaliyochochewa na utawala wa kijeshi wa Athens na uvamizi wa jeshi la Uturuki, mameya wawili wa Nicosia, Lellos Demetriades na huyo huyo Akıncı, walikubaliana kujenga mfumo mmoja wa majitaka. Choo hakijui Mgiriki wala Mturuki, na mji ungeoza. Mabomba yakapita chini ya Mstari wa Kijani, ule ambao ofisa wa Kiingereza aliuchora kwa penseli ya kijani kwenye ramani Desemba 1963, na maji machafu ya kusini yakaenda kusafishwa kaskazini. Wale mameya walifanikiwa kwa sababu tatizo lilikuwa mbele ya pua ya kila mtu, na hakuna aliyeweza kulisimulia vingine.

Utauliza mtu wa Afrika Mashariki anatafuta nini katika hili. Askofu Mkuu Makarios, rais wa kwanza wa Kupro, Waingereza walimhamishia Shelisheli mwaka 1956, na seminari ya Kiorthodoksi yenye jina lake ipo Riruta, Nairobi. Hayo ni ya zamani. Ya sasa ni vijana wetu wanaokwenda kusoma kwenye vyuo vya kaskazini mwa kisiwa. Wengi hushtuka kugundua kwamba ndege lazima ipitie Uturuki, na kwamba wamo katika dola ambayo hakuna nchi inayoitambua isipokuwa Uturuki. Kijana akipatwa na balaa huko, hana ubalozi wa kukimbilia.

Ninachoomba hakikuzidi uwezo, Mheshimiwa. Chapisha hoja 6 kama ulivyozitoa, na tarehe yake. Chapisha maandishi yaliyopokelewa kutoka kila upande. Andika ulichokisikia kwa masikio yako kuhusu majeshi, udhamini na urais wa kupokezana, na pale ambapo ahadi ilitolewa kwa mdomo tu, sema ilikuwa ya mdomo. Itoke kwa Kigiriki, Kituruki na Kiingereza, siku moja, saa moja. Watakaokasirika watakuwapo pande zote mbili. Lakini wewe utakuwa unaondoka ofisini, na hakuna atakayeweza kukunyima kiti mezani.

Wako katika kungoja jibu,
Mwandishi wa makala, Mombasa